Sauti ya Pili ya Mzee Hendrik

Jumanne, Agosti 2021

Nimezitupa kwa mikono yangu mwenyewe. Rundo zima la menyu, zile karatasi za kuchagulia chakula, lililokuwa kando ya kitanda cha Mzee Hendrik. Mzee alipofariki, meneja wa makao haya ya wazee alisema karatasi zote za chumba cha Covid ziingie mfuko wa manjano, ule wa taka za kuchomwa. Sikugeuza hata moja.

Leo binti yake amepiga simu kutoka Uholanzi. Mipaka ya huku imefungwa, hata kumzika babake hakuja. Akauliza, "Wimbo wake wa mwisho uko wapi? Aliniambia ameuandika nyuma ya menyu."

Nikasema sijaona kitu. Mungu anisamehe.

Mzee alitunga muziki maisha yake yote. Aliposikia naimba alto kwenye kwaya ya kanisa letu mtaani Lidcombe, akaanza kunifundisha sauti ya pili ya wimbo wake mpya kila nilipomwogesha. Nikaiandika kwa do-re-mi, tunavyofanya kanisani. Nilidhani sauti ya kwanza iko kichwani mwake tu.

Nimeiimba jikoni sasa hivi, mwanzo hadi mwisho. Peke yake haisimami. Imetungwa kumjibu mwenzake, na huyo mwenzake nimemtupa mimi.