Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Turbo, Jumanne, Julai 1951. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana. Moyo wangu mzito kuliko hilo wingu.

Leo alikuja mkaguzi wa shule, mzungu kutoka Eldoret. Wiki tatu nzima nimewakaririsha watoto somo moja la kitabu: kijiji cha Uingereza. Kanisa lenye mnara, duka linalouza stempu, kilabu cha bia, kidimbwi cha mabata, na uwanja wa majani ambapo wanaume wazima hucheza mpira wakiwa na suruali nyeupe. Mimi sijavuka Kisumu, lakini nilifundisha kana kwamba nililelewa huko.

Watoto walijibu bila kukwama. Mkaguzi akafurahi, akasema alizaliwa katika kijiji kama hicho.

Hapo ndipo Mama alipotokea mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa. Kwetu mgeni haondoki bila kuonja maziwa, na haya aliyalaza siku tano kwa ajili yake. Nikamkonyeza asubiri nje. Niliogopa mzungu atasikia harufu ya moshi na mkaa.

Ndiyo. Nilimwonea haya mama yangu.

Kisha mkaguzi akauliza, "Na kijiji yenu iko na nini?"

Chebet, mwanafunzi ninayemsifu kila siku, akasimama wima. "Haina kitu, Bwana."

Mgeni akanitazama. Nami nikacheka, nikaitikia kwa kichwa.

Mama alikuwa bado mlangoni. Chebet huyo huyo alizaliwa mikononi mwake, miguu ikitangulia, na mamake akapona. Nusu ya darasa langu aliwapokea yeye. Hospitali iko mbali, na mwanamke akishikwa na uchungu hapa, mlango unaogongwa ni wetu. Hilo halimo kitabuni, na mimi niliyelijua nilicheka.

Jioni nimemkuta jikoni akichambua mboga, kibuyu kimeegemea ukuta, kimejaa vilevile. Nilitaka kumwomba msamaha.

Akasema tu, bila kuinua macho, "Mgeni wako amerudi na njaa, Mwalimu."

Nyumbani hajawahi kuniita Mwalimu. Mimi ni Kiprono.

Kesho nitafuta ubao na kuuliza swali lile upya, na jibu la kwanza nitaliandika mwenyewe: jina la Mama. Lakini kabla ya kutoka nitamwomba kikombe cha yale maziwa.

Sijui kama atanimiminia.