Spina ya Saba

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Leo ni siku ya ishirini na nne ya kuitwa Misisi Ngari. Nimehesabu mara mbili, kwa vidole na kwa ile kalenda ya kanisa nyuma ya mlango. Ishirini na nne! Na bado nikisikia viatu vyake uani moyo unaruka.

Shule zimefungwa, kwa hiyo mwalimu wangu yuko nyumbani mchana kutwa. Anapiga pasi mwenyewe! Leo ameniambia, "Makandi, sati hii imebaki vifungo viwili." Sati! Kwao Siakago hiyo h hupotea njiani. Nani alisema lazima shati liwe na h? Nimeshona vifungo vyote kwa uzi mwekundu. Amelivaa.

Jumanne, 4 Agosti

Barua kutoka Chuka. Mwandiko ni wa mdogo wangu Kiende, maneno ni ya Baba. Nilijua tangu mstari wa kwanza, maana hakuna salamu.

Baba hajavuka mto Thuci tangu niolewe. Kwake ni upande wa Meru, kwangu sasa ni upande wa Embu, na mto unapita katikati. Siku ya harusi alisimama nyuma kabisa ya kanisa akaondoka kabla ya keki. Hamwiti Ngari kwa jina. Anamwita "huyo paka". Kwa sababu ngari kwa lugha yetu ni chui, na Baba anasema chui gani huyu mwenye chaki mfukoni.

Barua inasema hivi: Jumamosi tarehe kumi na tano atakuja Thuci, pale kwenye mawe makubwa chini ya msitu. Atasimama upande wake. Huyo paka asimame upande wake na fimbo yake ya kuvulia. Akishika trauti mmoja, mmoja tu, Baba atavuka aje anywe chai kwangu. Asiposhika, tutaendelea kusalimiana kwa barua.

Ni kwa nini samaki? Kwa sababu Baba akiwa kijana aliwabebea Wazungu vikapu wakivua trauti huko juu, na anaamini hakuna mtu mwingine anayejua maji baridi. Mtu wa nchi kavu, wa mtama na mbuzi, atajua nini, anasema.

Nimelia kidogo. Ngari amesoma barua, amekunja, amesema atamshika. Nimemwamini mara moja. Lakini kisha nikamsikia akiuliza ukuta, "Wanakula nini, hawa trauti?"

Alhamisi, 6 Agosti

Mwalimu mkuu ametuazima fimbo. Nzuri, ina roda ya kukunjia mshipi. Lakini haina kile kitu cha mwisho. Ngari amenieleza kama alivyoelezwa na mwalimu mkuu, mimi nimekaa nikitazama midomo yake zaidi ya kusikiliza — Mungu anisamehe! Kwao alivua kambare kwenye Tana kwa minyoo. Trauti ni samaki wa kiburi, anataka spina. Spina ni kijisahani cha chuma chenye ndoano nyuma. Ukikivuta majini kinazunguka na kumeta, samaki anadhani ni kisamaki kidogo.

Yeye kesho anakwenda semina ya walimu Siakago, hadi Ijumaa ijayo. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda Embu kununua. Mimi! Amenipa kazi ya ndoa yetu yote mkononi.

Nimemuuliza, ninunue ipi? Amesema mto una maji machache mwezi huu, tena ni safi, samaki wanaona kila kitu. Kwa hiyo iwe nyepesi, isianguke kama jiwe. "Nyepesi, Makandi. Ya saba. Usisahau, ya saba."

Nyepesi, ya saba. Nyepesi, ya saba. Nimeimba nikiosha sufuria.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimechoka na sielewi kitu.

Duka ni la mzee anaitwa Gichovi, nyuma ya soko. Anauza misumari, taa za karabai, na sanduku moja la bati la vitu vya kuvulia. Amelifungua — jamani! Kama hereni za bibi harusi! Nyeupe, za njano, zenye madoa mekundu, moja ina nywele nyuma kama mkia wa mbuzi. Nikasema nataka spina nyepesi, ya saba.

Akanitazama juu ya miwani. "Madam, chagua moja. Nyepesi, au ya saba?"

Nikasema zote mbili.

Akasema spina zina namba. Sifuri na moja ni za mito yetu. Saba ni ya mbuta wa ziwa, samaki mwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. "Nyepesi na saba hazilali nyumba moja, madam."

Nikamwambia mume wangu ni mwalimu. Akasema hata yeye aliwahi kufundishwa na walimu, ndiyo maana anauza misumari. Watu dukani wakacheka! Nikahisi joto masikioni.

Akanilazia mbili kwenye kaunta. Moja ndogo, ya njano njano, namba moja, haina uzito kama ukucha. Nyingine nyeupe, namba saba, nzito, ndoano zake tatu kama za kuning'inizia nyama. Akasema nisimwamini yeye, niamini mkono wangu mwenyewe. Mkono ulisema ndogo. Lakini Ngari alisema saba. Mara mbili alisema! Mke wa wiki nne atamsikiliza nani, Gichovi au mume wake?

Nimenunua saba.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nyepesi ni nini? Nyepesi kuliko nini? Pengine saba yake ni nyepesi kuliko nane. Pengine kuna kumi na mbili! Nimeishika mkono huu, yai mkono huu. Yai ni zito zaidi. Basi spina ni nyepesi! Kisha nikajaribu na kijiko cha chai. Kijiko kilishindwa. Basi ni nzito.

Ninamkosa. Mto wake wa kulalia una harufu ya sabuni ya kipande na moshi.

Jumatano, 12 Agosti

Hakuna barua. Mvua nyembamba. Nimeining'iniza spina dirishani niione ikizunguka. Haizunguki. Pengine inataka maji. Pengine inanitaka nijute.

Ijumaa, 14 Agosti

Amerudi! Amekonda kidogo, ananukia vumbi la kwao, amenibeba hadi jikoni mbele ya jirani yetu Jedidah, ambaye alikuwa amekuja kuomba moto. Aibu gani! Utamu gani!

Kisha nikampa spina ndani ya karatasi. Akafungua. Akaitazama kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Ni nzuri sana," akasema. "Asante, mama."

Nikamwambia, saba, kama ulivyosema. Akasema ndiyo, ndiyo. Lakini uso wake! Nikauliza, si ulisema ya saba? Akasema, "Nilisema ya saba." Nikasema basi hii ni ya saba. Akasema, "Hapana, hii si ya saba. Hii ni nyeupe."

Tukatazamana kama vichaa wawili.

Jedidah ndiye alianza kucheka, makaa yakamwanguka kutoka kwenye kigae. Yeye pia ametoka Siakago, ila sh anaitamka. Akamwonyesha Ngari kitasa cha mlango, kile cha njano, akamuuliza hiki ni cha nini. Ngari akasema, "Cha saba." Jedidah akanigeukia. "Wewe mke wa mwalimu, hujui bwana yako hana sh? Shaba! Anataka ya shaba!"

Ya shaba. Ya njano njano. Ile ndogo. Ile iliyokuwa kwenye kaunta chini ya pua yangu!

Nimekaa chini sakafuni. Sati, nililipenda. Sukrani, ninaipenda. Sasa hiyo hiyo h itaninyima baba. Duka limefungwa, Embu ni mbali, na kesho saa tatu Baba atakuwa kwenye mawe, maana Baba hachelewi. Ngari ameketi kando yangu sakafuni. Amesema kosa ni la ulimi wake. Nimesema ni la masikio yangu. Tumegombania kosa kama watu wanaogombania kulipa chai.

Jumamosi, 15 Agosti

Niko mtoni. Ninaandika juu ya jiwe, daftari lilikuwa kikapuni chini ya thamosi. Siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Baba alifika kabla yetu. Kofia, koti jeusi la mazishi, mikono nyuma. Nilimpungia. Alinipungia kidogo sana, kidole kimoja. Maji kati yetu ni safi na baridi, upana wa barabara.

Ngari amerusha mara ya kwanza. Pwaa! Ndege wote wakaondoka. Baba akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Mwalimu! Hicho ni kijiko cha kupakulia nini?" Mara ya pili, pwaa. Baba akauliza kama anawinda samaki au anawapiga mawe. Mimi nikapiga kelele kwamba mimi ndiye nilinunua! Ngari akapiga kelele kwamba yeye ndiye aliagiza! Kwa wakati mmoja. Baba akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

Mara ya tano imezama moja kwa moja ikakwama. Katikati kabisa, chini ya jiwe. Ngari akavuta. Fimbo ya mwalimu mkuu ikapinda kama upinde. Baba akaanza kutembea huku na huku ukingoni. "Usivute! Legeza! Utaivunja, legeza!" Ngari akalegeza. "Sasa nenda kushoto. Kushoto kwangu!" Ngari akaenda kushoto kwake. "Kwangu, nimesema!"

Kisha Baba akavua viatu. Akaviweka pamoja juu ya jiwe, soksi ndani. Nilidhani anataka kukaa.

Ameingia majini.

Na koti! Maji yamefika magotini, sasa mapajani. Anatembea kwa upande, polepole, kama mtu anayejua kila jiwe. Amefika kwenye mshipi. Ameushika. Ameinama, mkono wote chini ya maji, anapapasa, na shavu lake karibu na mto kama anausikiliza.

Katikati. Si Meru, si Embu.

Ameitoa. Ameiinua, ile saba yangu, inamwaga maji, ameitazama kwa muda mrefu. Amecheka? Au ni baridi? Sioni vizuri. Ameingiza mkono mwingine chini ya utepe wa kofia yake akatoa kitu kidogo sana, kinachometa. Cha njano, cha shaba!

Ameita, "Ngari! Njoo, maji yananikata miguu."

Ngari. Si paka. Ngari!

Ngari ameniachia fimbo na ameingia na viatu vyake na shati langu la vifungo vya uzi mwekundu. Wamesimama wawili pale, vichwa pamoja, wanafunga kitu kwenye mshipi. Mshipi unatoka mikononi mwao hadi mkononi mwangu, ninaandika kwa mkono mmoja. Sijui wakimaliza watatokea ukingo gani. Nimefungua thamosi. Nina vikombe viwili tu na sisi ni watatu.