Wanamsindikiza Mke Wangu Mpaka Anapotea

Mama Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito karibu na moto, maana kifua changu hakiniruhusu tena kulala chali, na kama mwandiko unayumba uniwie radhi, zamani watoto wa shule walikuwa wakiuiga. Daktari wa misheni ameniambia bila kuzunguka kwamba mvua zijazo huenda nisizione zikiisha. Kifo chenyewe hakinisumbui sana, nimekiwazia muda mrefu na tumezoeana. Msaada ninaouomba ni juu ya mke wangu Hulda, na ndani yake kuna jambo ambalo sijamwambia mchungaji wala mwanangu, nalo nataka nilitoe moyoni kabla sijaondoka.

Hulda amesahau. Sisemi usahaulifu wetu wa wazee, wa kutafuta miwani iliyo juu ya paji la uso. Amesahau kwamba mama yake alikufa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, na karibu kila asubuhi, ukungu ukianza kuinuka, hujifunga shuka yake, huchukua kikapu na kusema, “Mwalimu, kaa salama, mimi nakwenda kwetu Kitandililo, mama ananingoja.” Kitandililo iko Makambako, na sisi tunakaa upande wa pili wa Njombe, safari ambayo hata nilipokuwa kijana mwenye miguu mizuri nililala njiani.

Mwanzoni nilibishana naye. Nilimwambia, “Mama yako alikwisha kufa, Hulda, tulimzika pamoja,” akaanguka chini akalia kama mtu aliyepata habari siku ile ile, na kweli kwake ilikuwa siku ile ile. Sikurudia tena. Badala yake nikapata dawa. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa haendi kwa wazazi wake mikono mitupu, na hilo Hulda hajalisahau, basi akifika mlangoni namwuliza, “Umembebea mama nini?” Hutazama ndani ya kikapu, hushtuka, hucheka, husema, “Ningeaibika!” Hurudi jikoni, huketi juu ya kigoda na kuchambua maharage, mekundu huku, meupe huku, mawe nje, na akimaliza jua limepanda, safari imemtoka, ameshinda salama nyumbani. Alasiri akijilaza, mimi, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, niliyefundisha Amri Kumi tangu enzi za Wajerumani, naamka polepole nikishika ukuta, nayachanganya maharage yale yote upya, na mawe natia. Hilo ni moja. Namdanganya mama wa watoto wangu kila siku iendayo kwa Mungu.

La pili ni kwamba nimewadanganya na majirani. Unajua watu wa huku, mtu mzima akionekana njiani na mzigo haulizwi mara mbili, husalimiwa, hupokewa mzigo, husindikizwa kipande, hukabidhiwa kwa mwingine. Kumwuliza mama wa heshima, “Una hakika unakokwenda?” ni kama kumtukana. Nao walipoanza kumwona njiani mara kwa mara, siku zile kabla sijapata dawa ya maharage, wakaniuliza, “Mwalimu, mama anakwenda wapi siku hizi?” nikawajibu, “Anatazama wagonjwa.” Niliogopa watasema amerogwa, au vibaya zaidi, kwamba yeye ndiye anayezungukia nyumba za watu kwa nia mbaya, na Hulda alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, sikutaka jina lake liburutwe.

Basi mwezi wa sita, baridi imeunguza majani ya viazi, nikawa na homa, usingizi ukanichukua asubuhi baada ya kukohoa, Hulda akatoka na kikapu kilichojaa bila mtu wa kumwuliza kitu, akakutana na Elieza, jirani yetu mpasua mbao, ambaye alimsalimu kwa Kibena, “Kamwene, mama, leo mgonjwa ni nani?” akajibiwa, “Ni mama,” naye akampokea kikapu mpaka mtoni, na mtoni akamkabidhi kwa Zipora, mke wa fundi viatu, aliyekuwa anapeleka njegere sokoni, na Zipora akaenda naye mpaka Njombe wakiimba tenzi njia nzima, na pale Njombe dereva wa lori la mbao, alipoambiwa huyu ni Mama Mwalimu anakwenda kumtazama mgonjwa kwao Kitandililo, akamhamishia utingo wake nyuma juu ya mbao na mke wangu akaketishwa kiti cha mbele kama mke wa Bwana D.C. Hakuna hata mmoja aliyemfanyia ubaya. Wote walimpa heshima, na kwa heshima hiyo walimpoteza.

Dereva alimteremsha Makambako penye njia panda, akamwonyesha njia kwa kidole. Upepo wa Makambako nadhani umeusikia ukisimuliwa. Hulda akashika njia nyingine, akatembea mpaka miguu ikamshinda, akaketi kando ya barabara kuu, na kama si kikosi cha matengenezo ya barabara, ambacho mwanangu Kefa ndiye nyapara wake, angeganda pale. Kefa anasema aliona mwanamke amejikunyata, akamkimbilia, na mama yake akamwinulia uso akasema, “Kijana, umefanana sana na mume wangu. Unamjua mama yangu?” Kefa ni mtu mzima mwenye ndevu. Alilia mbele ya watu anaowasimamia.

Alimrudisha nyumbani, na katika mfuko wa koti akatoa kufuli.

“La nini hilo?” nikamwuliza.

“La mlango, baba. Ama nilitie hapa, ama mama aje kwangu Makambako, na huko nitalitia vile vile.”

“Mama yako si kuku.”

“Kuku wangu hawajaniliza barabarani.”

Hulda alikuwa anasikiliza. Akasema, “Kijana huyu ana haraka. Mmempa chakula?”

Nikamwambia, “Huyu ni mwanao, Kefa.”

“Basi mwanangu ale,” akasema, akamwekea viazi vyote vilivyokuwamo chunguni, na kufuli likabaki mezani, na lipo mpaka leo ninapoandika. Kefa amesema nitoe jibu kabla ya kupanda mahindi.

Sasa naungama lile ambalo ni gumu zaidi kuandika. Mama Mshauri, mimi nina raha. Watoto na watu wa kanisa wananihurumia, wanasema mzee anabeba msalaba mzito, nami nainamisha kichwa, lakini moyoni nafurahi. Hulda amesahau magomvi yetu yote, na yalikuwapo. Siku nyingine hanitambui kuwa mumewe, hunidhani mgeni aliyehamia shuleni, basi hunitazama kwa jicho la pembeni na kuniuliza, “Wewe Mwalimu, mtu msafi hivi, huna mke?”

“Ninaye.”

“Anakupikia vizuri?”

“Hakuna anayemzidi.”

“Mwambie apunguze chumvi,” husema, na uji wenyewe kaupika yeye.

Nacheka mpaka kikohozi kinanikamata, naye hunipiga mgongoni kwa mkono ule ule wa miaka yote. Sitaki kumtoa mikononi mwangu siku zilizobaki, na najua huo ni uchoyo, maana ningemtoa sasa angezoea kwingine kabla sijafa. Nilijaribu kumwambia kwamba nakufa. Alihuzunika mchana kutwa, kesho yake hakukumbuka neno, nikabaki nalo mwenyewe.

Niambie, je, maharage yale ni dhambi ya kwenda nayo kaburini? Nimruhusu Kefa atie kufuli? Na nikiondoka, nani atamzuia Hulda asipotee, wakati kila mtu mwema atakayekutana naye atampokea kikapu na kumsogeza mbele?

Jina langu usilifiche, nimechoka kuficha.

Hezekia, mwalimu mstaafu, Njombe

*

JIBU LA MAMA OKTAVIA

Mwalimu Hezekia, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikavua miwani nikaifuta, kisha nikakukasirikia. Nianze na hasira, maana muda wako ni mfupi nawe umezoea kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Umewaandikia wasomaji wa Tanganyika nzima kabla ya kumwambia Elieza anayekaa upande wako wa mto! Hebu jiangalie. Maharage yako hayana dhambi. Yanampa mkeo kazi anayoijua, heshima anayoistahili na asubuhi yenye amani, na kama Mungu atakuuliza juu ya mawe uliyoyatia, mwambie ulikuwa unamlinda mtu. Uongo uliotaka kumwua Hulda ni ule wa wagonjwa. Wewe ndiye uliyewafumba macho majirani. Elieza alimwuliza juu ya mgonjwa kwa sababu wewe ulimfundisha kuuliza hivyo. Dereva alimpa kiti cha mbele kwa sababu ya habari iliyotoka kinywani mwako. Usiwalaumu kwa kumsindikiza. Walisindikiza kule ulikowaelekeza.

Unaogopa watasema amerogwa. Watu husema hivyo wanapoona jambo wasiloelezwa. Basi waeleze. Jumapili hii, ukiweza kuketi, wakubebe kwenye kiti mpaka kanisani, na baada ya matangazo useme kwa sauti yako, “Mke wangu ni mgonjwa wa kusahau, ni ugonjwa wa uzee kama macho yangu na kifua changu, akitoka ana hakika anakokwenda lakini hapajui tena.” Ukishindwa kwenda, mwite mchungaji na majirani kando ya moto wako. Waliokuwa wanafunzi wako watakusikiliza. Hawajakuzoea ukiomba, kwa hiyo watasikiliza zaidi.

Kisha usiwaambie wamzuie njiani. Mwanamke mzima akizuiwa atapigana, na ana haki. Waambie waendelee na adabu yao ile ile, ila waigeuze kichwa. Atakayekutana naye amsalimu, ampokee kikapu, amwambie, “Mama, karibu kwanza upate uji, safari ni ndefu.” Mama wa Kibena aliyelelewa vizuri hatakataa kuketi akikaribishwa. Akishakula, mwenye nyumba aseme, “Nakusindikiza,” na njia ya kumsindikiza iwe ya nyumbani kwako. Zipora amwimbie tenzi zake wakielekea kwako, si sokoni. Na madereva wa malori pale Njombe mtu akawaambie mama huyu hapandi gari bila mwanawe.

Kufuli, hapana. Kefa mwanangu, najua utasomewa barua hii. Ulilia barabarani kwa sababu unampenda mama yako, na ninakuheshimu kwa machozi hayo. Lakini nyumba ina moto wa kuni na paa la nyasi, nawe unataka kumfungia ndani mtu ambaye hatajua mlango unafunguliwaje. Siku cheche zikiruka, kufuli lako ndilo litakalomzika. Tundika kengele ya mbuzi juu ya mlango, aliye ndani asikie mama akitoka. Mshonee jina lake, na jina lako, na jina la kijiji kwenye pindo la shuka yake, kwa uzi unaosomeka. Na asubuhi, kabla hamu ya safari haijamshika, mtu atembee naye mpaka shambani na kurudi. Miguu inayotaka kwenda ipewe mahali pa kwenda.

Wala asihamishwe Makambako. Nyumbani kwake mikono yake bado inajua chungu kiko wapi. Kwako, Kefa, atakuwa mgeni kila saa, na barabara kuu inapita mlangoni. Wewe mwenyewe kazi yako inakulaza kambini siku nyingi. Zungumza na mkeo, Priska kama sikukosea nilivyoambiwa na mama mmoja wa Makambako, umwulize, umwulize kweli wala usimwamuru, kama yuko tayari kuhamia Njombe na watoto kabla ya kupanda. Akikubali, mjengee jiko lake mwenyewe. Akikataa, usimlaumu, tafuteni mama mjane wa kanisa akae pale, mumlishe na kumvika.

Sasa wewe, Mwalimu, na raha yako. Huniungamii kitu hapo. Umepata mke anayekupenda bila kukumbuka makosa yako. Wengi wetu hatutakipata hicho. Kaa nayo. Siyo uchoyo kumweka karibu, ila itakuwa uchoyo ukiondoka na yote unayoyajua kumhusu. Priska akija, aketi karibu nawe akuone unavyouliza pale mlangoni, asikie sauti unayoitumia, ajue ni lini unacheka na ni lini unanyamaza. Hayo hayaandikiki, na wewe peke yako ndiye unayeyajua.

Usimwambie tena Hulda kwamba unakufa. Ulimwambia mara moja, inatosha, alihuzunika nawe ulimwona. Lakini kuna jambo hukuliuliza na ndilo litakalokuja. Siku utakapokuwa hupo, ataketi karibu na moto atazame kiti chako aseme, “Yule Mwalimu yuko wapi?” Mtu mwema na mkweli atamjibu kwamba umekufa. Kesho atauliza tena, atajibiwa tena, na kila asubuhi mkeo atafanywa mjane upya.

Kwa hiyo jibu la swali hilo lichague wewe mwenyewe, sasa, wakati bado una pumzi ya kulitamka. Liwe neno ambalo Hulda akilisikia atatikisa kichwa na kuendelea kula. Mfundishe Priska, mfundishe Kefa, mfundishe na Elieza, waliseme wote namna moja. Usiniandikie kunieleza ni neno gani. Mimi silihitaji.