Mkunjo Nilioufanya Mpaka

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa Mkuyuni tu wazima. Bibi yako kavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kumwona dada yake, kaniachia kuku wake wasumbufu.

Unasema kompyuta imegeuza faili la PDF la ramani ya zamani kuwa mchoro unaoweza kuurekebisha, na unauliza kama bado kuna haja ya kwenda kupima kiwanja. Nenda. Kompyuta haijui uchafu ni upi na mpaka ni upi.

Hata mimi sikujua. Nilipokuwa kijana mchora ramani, nilinakili kwa wino ramani kuukuu ya viwanja vya mlimani. Karatasi ilikuwa na mkunjo mweusi kwa uchafu, nikauchora kama mpaka. Sikutoka ofisini kuhakikisha. Kaburi la mume wa Mama Ng'washi, mwenye kiwanja kimojawapo, likaangukia upande wa jirani, na jirani huyo akachimba choo hapo hapo.

Mama Ng'washi alipokuja kulalamika, ndipo nikaligundua kosa langu. Mkuu wangu akaninong'oneza, "Imeshagongwa muhuri. Nyamaza."

Nikamfungulia mama huyo ramani. Akapitisha kidole polepole juu ya mstari wangu.

"Umenyooka kweli, mwanangu," akasema. "Basi nimekosea mimi."

Nikanyamaza.

Babu yako