Mkongojo wa Bibi wa Darasa la Nane

Somoe, mtani wangu,

Mwalimu Agnesi ametufundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia hali yule unayemwandikia. Nimekaa na kalamu tangu tuliporudi kutoka shambani, na sijui nikujulie hali vipi. Basi nianze na ya hapa. Hapa si pazuri.

Kesho ni arobaini yako. Mama yako amemtuma kaka yako kwa baiskeli kutoka Malolo mpaka hapa shuleni, aje kuniita mimi kwa jina langu. Mwalimu ameniruhusu kwenda. Ninaogopa, Somoe.

Tangu uondoke shule imenyamaza. Wenzako wa darasa la nane hawatuiti tena vifaranga, na sisi wa la saba hatuwaiti tena mabibi. Tunapishana kisimani kama watu wasiojuana: pita dada, ahsante dada. Kile kitambaa chekundu mlichoshinda siku ya mbio za mitungi hakijatundikwa juu ya mlango wenu. Kimekunjwa mezani kwa mwalimu. Aliwaita wakichukue, wakasema hawakitaki. Akatuuliza sisi, nasi tukasema si chetu.

Unakumbuka siku niliyofika? Nilitoka Lionja na sanduku la bati na muhogo wa kuchoma, bado una moto ndani ya jani la mgomba. Ulinisimamisha mlangoni mwa bweni ukaniuliza ukoo wangu. Nilipoutaja ukaninyang'anya muhogo, ukautafuna mbele ya wasichana wote. "Huyu mtani wangu," ukawaambia. "Wa kwao hula vya kwetu, wa kwetu hula vya kwao. Lia, mtani, lia mpaka magharibi, muhogo haurudi." Nililia kweli, maana nyumbani nilikuwa nimeona watani wakifanyiana hivyo lakini sikujua kama na mimi ninaye wangu. Jioni nikakuta mkeka wangu umetandikwa chini ya dirisha, mahali penye upepo, ambapo mgeni halazwi. Sikuuliza ni nani. Ulikuwa umejigeuzia ukutani unajifanya unakoroma.

Mwaka huu ulipoingia la nane nami la saba, utani wetu ukawa wa madarasa mazima. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kuwapokea kila asubuhi: "Mabibi, shikamooni, magoti yameamkaje?" Nanyi mkijibu: "Vifaranga, ingieni ndani, mwewe anapita." Lakini wewe huyohuyo ulikuwa ukiniita nyuma ya jiko kunielekeza hesabu za sehemu, unachora muhogo mchangani na kuukata vipande. "Usiwaambie vifaranga wenzako," ulisema. "Watadhani nimewahurumia." Sikuwaambia. Mpaka leo hawajui kwa nini nilipata sita kati ya kumi.

Sasa niseme ile siku. Nimeiandika mara mbili nikaichana.

Asubuhi ya mbio ulikaa kwenye ngazi ya bweni umeshika shingo. Mwalimu alikuuliza kama unaumwa. Ulifungua mdomo kujibu, Somoe, nilikuona, ulikuwa unataka kusema ndiyo. Nami nikakuwahi. Nilipaza sauti ili madarasa yote yasikie: "Bibi kachoka. Mtafutieni mkongojo." Watu wakacheka mpaka mwalimu akacheka. Wewe pia ulicheka. Ukamwambia mwalimu, "Siumwi, ni hawa vifaranga wananiogopa." Ukasimama.

Ulikimbia zamu ya mwisho upande wenu. Ulipanda kutoka kisimani na mtungi kichwani bila kuushika, kama ulivyonifundisha, ukamimina maji ndani ya pipa hata tone halikumwagika. Mlikuwa mmetushinda. Ukaweka mtungi chini taratibu, ukakaa kando yake. Wenzako wanaruka, wanakuita, wewe umekaa. Nikaenda kichakani nikavunja tawi, nikaja nikichechemea, nikakuwekea mkononi. "Shika, bibi, uinuke nao." Ulilishika. Vidole vyako vilifunga. Nikadhani unaigiza, na kila mtu alidhani unaigiza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasema. Tukakuzunguka tukiimba. Sijui tuliimba mara ngapi. Nyimbo tatu? Mwalimu ndiye aliyetuondoa, akakushika paji la uso, akapiga kelele liitwe lori la kukupeleka hospitali.

Siku mbili baadaye mwalimu alitukusanya chini ya kengele. Alisema ni homa iliyopanda kichwani, ilikuwa mwilini mwako kwa siku kadhaa, na huenda hakuna ambalo lingefanyika. Alinitazama mimi aliposema hayo. Anajua. Neno lile "huenda" nalala nalo, naamka nalo. Kama ningenyamaza ungesema ndiyo. Hilo halina huenda.

Na bado sijasema baya zaidi.

Siku ya mazishi tulikwenda Malolo, madarasa yote mawili. Unajua kazi ya mtani kwenye msiba. Jeneza likitaka kutoka, mtani anakaa mlangoni analizuia. Anasema huyu haendi popote, hajafua nguo zake, ana muhogo wangu tumboni, anirudishie kwanza. Watu wanacheka katikati ya kilio, na aliyefiwa anasikia kwamba mtoto wake alikuwa na mtu asiyetaka aondoke. Kwenu walikuwepo watani watu wazima, lakini bibi kizee mmoja alinisukuma begani. "Huyu mwenzako," akasema. "Ni wako wewe. Kaa."

Sikukaa. Nilisimama kwenye nguzo ya baraza. Ulimi wangu ulikuwa na neno moja tu, bibi kachoka, na sikuweza kulitoa mbele ya mama yako. Nikakumbatia nguzo. Jeneza likapita mlangoni bila mtu kulizuia, likapita mbele yangu, nikasikia mama yako ndani akisema, si kwa sauti kubwa: "Mwanangu ametoka kama anayefukuzwa."

Nimeyasikia hayo kila siku tangu siku ile. Nilikutania palipotakiwa huruma, na palipotakiwa utani nikanyamaza.

Kaka yako alipomaliza kunipa habari ya arobaini alizungusha pedali ya baiskeli, hakuondoka. Kisha akasema, "Mama ameambiwa habari ya ile fimbo. Anasema uje nayo." Nikamwuliza kama mama amekasirika. Akasema, "Mimi nimetumwa maneno hayo tu, mtani." Aliniita mtani. Nimelishikilia neno hilo tangu asubuhi, ingawa huenda lilimtoka kwa mazoea.

Tawi ninalo, Somoe. Nililiokota kando ya pipa lori lilipoondoka, nikalificha chini ya mkeka wangu, pale chini ya dirisha. Limekauka na kuwa jepesi. Labda mama yako anataka kunichapa nalo mbele ya watu, na akinichapa nitashukuru. Labda anataka kulivunja. Labda anataka mtani.

Nimeamua hivi. Kesho nitafika nikichechemea, kama unavyonijua. Nitakaa katikati ya mlango, pale nilipopaacha wazi, na sitampisha mtu, si shekhe wala mwenye sinia la wali. Nitasema: huyu Somoe haendi popote, ana muhogo wangu. Nimechelewa siku arobaini, lakini nitasema. Sauti isipotoka nitakaa hivyohivyo bila sauti, mpaka mama yako aje aniinue au anifukuze.

Mwakani nikijaliwa nitaingia darasa la nane. Nitakuwa bibi kama wewe, na mwaka utakaofuata nitakuwa nimekupita, na hilo sijui nitalibebaje. Lakini nakuahidi jambo moja. Mtoto yeyote atakayekaa kwenye ngazi ya bweni ameshika shingo, awe wa darasa langu au la wapinzani, nitanyamaza mpaka amalize kumjibu mwalimu.

Lala, bibi. Usihangaike kuinuka. Mkongojo wako ninao mimi, na kesho nautembeza mpaka kwenu.

Mimi kifaranga wako,
Zuhura