Njia ya Udongo Mweupe

Kariandusi,
3 Novemba 2025.

Dada yangu mpendwa Wangeci,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Nyahururu kwa binti yako Abby. Goti linaendeleaje na hiyo baridi? Mimi mwili hauna neno. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ungenikatia katikati, na haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Mwezi wa pili alikuja msichana anayeitwa Valarie, mfanyakazi wa kampuni moja ya Waingereza. Unakijua kile kilima nyuma ya shamba letu, chenye udongo mweupe wa kuchujia bia. Lori haliwezi kukifikia bila kupita kwetu, kuanzia lango hadi kaburi la mama. Valarie aliniita babu, akanipa sukari na majani ya chai, akanionya kwamba Wajerumani wako njiani na wakichimba huacha mashimo. Wiki moja baadaye akafika Jerry, aliyetumwa na hao Wajerumani. Yeye aliniita mwalimu, akasema mzee aliyefundisha historia hahitaji kuambiwa Waingereza wakipewa njia hufanya nini. Nilicheka. Kila mmoja, kabla ya kuaga, aliniuliza kwa upole mwenzake ameahidi nini.

Ni kweli nilifundisha, miaka thelathini. Nilieleza jinsi kampuni ya Waingereza na ya Wajerumani zilivyokimbizana katika bonde hili kuelekea Uganda, kila moja ikibeba karatasi za kutiwa alama na machifu. Niliwaambia wanafunzi kwamba chifu mwerevu aliwakubalia wote wawili ili wazuiane.

Kisha nikaanza kuona mambo. Nilimwambia Jerry, yeye peke yake, kwamba daktari amenikataza sukari. Valarie aliporudi alileta unga wa wimbi. Nilimwambia Valarie kwamba jiwe la mpaka wa juu lilipotea. Siku mbili hazikuisha, Jerry akaniuliza habari za jiwe. Nikajua kuna mdomo unaotembea kati yao, na macho yangu yakamwangukia Makokha, jirani yetu, kwa kuwa nilimwona mara mbili akiongea na Jerry penye ua. Nikaacha kumsalimu. Nikamshtaki mbele ya kamati ya maji, wakamnyang'anya ufunguo wa pampu. Alijitetea kwa maneno machache tu: kwamba tulifukuzwa pamoja Kuresoi kwenye zile ghasia za kikabila za mwaka wa tisini na mbili, tukalala sakafu moja ya kanisa pale Molo, sasa angeniuza kwa nani. Nilimwona kama mtu anayejua kuigiza.

Alhamisi iliyopita nilienda Gilgil kuulizia hilo jiwe kwa mpimaji. Nikaingia hotelini kunywa chai, na huko ndani nikawakuta Valarie na Jerry meza moja, sahani moja ya chapati, ramani moja. Shamba letu lilikuwa limepakwa rangi mbili. Jerry hakushtuka. Alinivutia kiti, akasema mwalimu karibu, unaogopa nini, sisi hatujawahi kugombana. Valarie aliinamisha uso, akanieleza kwamba wakubwa wao walielewana huko Ulaya tangu mwezi wa tatu: njia itakuwa moja, kilima watagawana. Yeye na Jerry wamekuwa wakipigiana simu kila wakitoka kwangu. Makokha alikuwa akiulizwa tu kama mbwa wangu anauma.

Sasa nifike penye uzito. Wangeci, kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshatia saini. Waingereza nikawapa nusu ya chini, Wajerumani nusu ya juu, nikijua nusu moja bila nyingine haifiki kilimani. Nilidhani nimewafungia nje wote wawili. Na kwa kuwa hati ya shamba ina majina yetu mawili, nilitumia ile barua uliyoniandikia mwaka wa 2009 nikuangalizie sehemu yako, nikaandika jina lako kwenye karatasi zote mbili. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua ungekataa. Lile somo langu lilikuwa na ukurasa wa pili, nao nilikuwa nikiupitia haraka kabla ya kengele: mwaka wa 1890 wakubwa walikaa Berlin, wakagawana, na karatasi za machifu hazikumzuia mtu. Zangu ni mbaya zaidi. Ukiziweka pamoja, zinatoa shamba lote, na mama yumo.

Bodi ya ardhi inakaa Gilgil Jumanne ijayo, tarehe 11, saa tatu asubuhi. Bila idhini yake karatasi hizo hazina nguvu. Njoo na kitambulisho. Makokha atakungoja steji ya matatu pale Gilgil. Nimemwomba msamaha mbele ya kamati na ufunguo amerudishiwa. Salamu yangu bado hajaiitikia, ila amekubali kuja.

Waambie bodi kwamba hukunituma, na kwamba jina lako niliandika mimi. Huenda nikapelekwa polisi. Hilo liwe langu. Usinihurumie pale mbele, maana wakiona huruma watasema ni ugomvi wa nyumbani, na watapitisha. Usiniite kaka. Nitaje kwa majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho changu.

Msalimie Abby na watoto. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi ndugu yako,
Kiarie.