Hamoki Mbili za Manchira

Marwa, mwenzangu wa rika,

Mimi Chacha sasa nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, nimeishi kuliko fahali wote niliowafuga, na kuliko daktari aliyeniambia sitafika Krismasi. Niliotahiriwa nao nimewazika wote, wewe ukiwa wa mwisho. Nilidhani siku hiyo nitajivuna. Sijivuni.

Unakumbuka ulivyorudi Kenyamonta kutoka ile kazi ya kupikia watalii kambini, na hamoki begani? Kitambaa tu cha kulalia ukining'inia. Ukakifunga kati ya mikaratusi yangu miwili, ukajitupa ndani kama mfalme, ukaniita: "Mura, tafuta na wewe ya kwako, twende bwawa la Manchira tukalale kando ya maji. Si mpaka uwe mzungu!" Nikakujibu mbele ya watu kwamba mwanaume analala chini, kwenye ngozi ya ng'ombe, mkuki ubavuni. Anayening'inia kati ya miti ni mgonjwa anayesubiri kubebwa. Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote.

Kila kiangazi ulikuja tena, tukiwa wawili tu, ukaniomba. Mimi nikasema mpaka nivune mtama. Mpaka niuze dume. Mpaka goti lipone. Goti halijapona, Marwa.

Halafu masika yakaja, barabara ikakatika, gari halifiki kwako, na tumbo limekushika. Vijana wakakulaza kwenye hamoki hiyohiyo, wakapitisha mti, tukakubeba hadi barabara kuu. Mbele nilishika mimi. Wakikwambia nilipokewa, ni mara moja tu, pale mtoni. Hospitali ulifika, kurudi hukurudi. Na lile neno langu la utani limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mzee hatakiwi kutania hivyo, najua.

Baada ya matanga nilimwendea mkeo Ghati, nikamwomba hiyo hamoki niende nayo Manchira, angalau ifike. Alikuwa ameifua na kuifungia kwenye sanduku. Wanao hawataki hata kuigusa. Akaniangalia. "Shemeji, hii uliyokuwa unaicheka? Kwanza nionyeshe kama unajua hata kuifunga."

Mimi kuambiwa sijui kufunga kitu! Nikapanda pikipiki mpaka Mugumu. Hamoki za dukani zinauzwa kama vile utalala nazo mpaka mbinguni, nikaziacha. Nikaenda kwenye mitumba, nikachagua pazia zito la nailoni, nikalikanyaga na kulivuta kwa mikono yote miwili nione kama litachanika. Muuza mitumba akasema, "Mzee, unanunua pazia au unapigana nalo?" Fundi Shabani akakunja ncha zake na kuzishona mara mbili, akaacha pa kupitisha kamba. Kwenye miti nikatumia mikanda mikuukuu ya kufungia mizigo ya lori, ile mipana, isikate gome. Turubai la kuanikia mahindi nilikuwa nalo, na chandarua pia. Wenye pesa wananunua, sisi tunaunga.

Nikaifunga uani kwako, Ghati akitazama. Nikaivuta mpaka ikalia, kama ngozi unayoiwamba ikauke. Unajua kuwamba ngozi hakuna anayenishinda. Nikaikalia. Ikanigeuza, ikanimwaga kwenye samadi.

"Shemeji! Hiyo ngozi ya ng'ombe gani unayoanika?"

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha kicheko kikageuka, akalia, na mimi nikabaki palepale chini, maana kuinuka ningefanya nini. Alipomaliza akanielekeza: "Marwa alikuwa anaiacha ilegee, katikati ishuke kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, halafu analala mshazari, hanyooki kama ubao." Nikafuata. Mimi Chacha. Akaingia ndani, akanitolea ya kwako.

Nimekwenda Manchira. Nilizifunga zote mbili, yako na yangu, karibu kugusana. Juu turubai, na kwenye kamba nikafunga tambara, maji ya mvua yadondokee pale yasinifuate kitandani. Ndani nikatandika ngozi, kwa sababu baridi ya hamoki inapanda kutoka chini. Hilo hukuniambia, nimeligundua mwenyewe. Mgongo haukuuma. Asubuhi ndege wa majini wakaanza kupiga kelele zao, ukungu bado umelala juu ya maji, nikageuka nikuambie ulisema kweli. Yako ilikuwa tupu, upepo unaisukuma.

Ni kitu kidogo sana ulichoniomba, mura. Kidogo sana.

Sasa nakuahidi. Kiangazi hiki nitampeleka Ghati, pamoja na dada yangu asije mtu akasema maneno. Atalala katika ya kwako. Anasema anataka kujua ulikuwa unaona nini ukilala mle unatabasamu. Nitaifunga mimi mwenyewe, na nitaiacha ilegee.

Pumzika, mwenzangu. Mlango wa boma lako nautazama.

Anayebisha kwamba nilishonesha hamoki, amuulize fundi Shabani. Kwamba nililala Manchira mpaka kukacha, amuulize Wambura wa pikipiki aliyenifuata asubuhi. Kwamba nilianguka, Ghati atamwambia hata asipoulizwa. Lakini kwamba uliniita kila kiangazi nami nikakataa, shahidi ni wewe peke yako, na mimi sibishi.

Chacha